Galaksi ya Kumi na Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Nimeficha jambo kwa miaka arobaini na moja. Naliandika leo kabla mkono haujagoma kabisa: galaksi ya kumi na tisa haikuwa na kasoro yoyote. Bamba lake la kioo, lile la kupigia picha, halikuingia mwanga, halikupasuka, halikuunguzwa na dawa. Mimi ndiye niliyeandika kwamba limeharibika. Uongo mtupu.

Haya. Limetoka. Na paa halijaanguka.

Daktari alimwambia binti yangu kwenye korido kwamba moyo umechoka, tuhesabu wiki, tukibahatika miezi. Alinong'ona, akidhani masikio nayo yamestaafu. Wapi!

Daftari hili ni la kwangu peke yangu. Nesi anayekuja asubuhi anadhani naandika wosia. Kauliza kama jina lake limo.

Jumanne, 4 Machi

Nijieleze tangu mwanzo, nione kama akili bado ipo.

Kazi yangu maisha yote ilikuwa kuuliza umri. Si wa watu. Wa nyota zilizo mbali mno, huwezi kuzitenga moja moja, unapata mwanga wao wote kwa pamoja kama sauti ya watu uwanjani. Nilishughulika na galaksi zile laini, za mviringo kama yai, zisizo na mikono. Wenyewe tunaziita galaksi za aina ya awali. Jina baya. Waliolitoa walidhani hizo ndizo mwanzo wa nyingine zote. Walikosea, jina likaganda, kama jina la utani la shuleni.

Unachukua mwanga, unaupasua kwa rangi, unatazama mistari myeusi. Mstari wa haidrojeni ukiwa na kina kikubwa, humo mna nyota changa. Ukiwa na kina kidogo, nyota ni kongwe. Kisha unaangalia magnesi na chuma. Magnesi hutoka kwenye nyota kubwa zinazolipuka upesi. Chuma kingi huja taratibu, baada ya miaka milioni elfu hivi. Ukikuta magnesi imezidi chuma, ujue nyota zile zilizaliwa kwa mkupuo mmoja, chuma kikachelewa shughuli.

Rangi peke yake hudanganya. Galaksi yaweza kuwa nyekundu kwa sababu ya uzee au kwa sababu ya metali nyingi. (Na sisi tunaita metali kila kitu kisicho haidrojeni wala heliamu. Hata oksijeni! Marehemu mke wangu alisema watu wa namna hii wasiachiwe kupanga kabati la jikoni.)

Nilichukua galaksi ishirini na nne. Nikatangaza kwamba zote, kubwa kwa ndogo, nyota zake ni kongwe na zilizaliwa kwa mkupuo mmoja. Kanuni ya Mkupuo Mmoja! Ikaingia vitabuni. Nikapewa idara, nikapewa medali, nikapewa kiti cha ngozi kilichonivunja mgongo.

Lakini ya kumi na tisa, ndogo, ya pembeni — mstari wake wa haidrojeni ulikuwa na kina mara mbili ya wenzake. Nyota zake zilikuwa changa. Nilipima, nikaona, nikaitoa. Tanbihi ya mstari mmoja: "Galaksi ya 19 imeachwa, bamba liliharibika."

Ishirini na tatu zikabaki, na zote zilinitii.

Alhamisi, 6 Machi

Mjukuu wangu kaja mchana, mkoba mzito, uso mzito zaidi. Ni kitinda mimba wa binti yangu, na ndiye pekee aliyerithi wazimu wangu. Anamalizia udaktari wa falsafa, na kachagua galaksi zilezile.

— Shikamoo, Babu.

— Marahaba. Nani kakupiga?

— Mtahini wa nje.

Kumbe Kalamu Nyekundu! Mwanafunzi wangu wa zamani, sasa profesa mwenye jina. Jina hilo nilimpa mwenyewe, kwa jinsi alivyokuwa akichana kazi za wenzake. Anaipenda kanuni yangu kuliko ninavyoipenda mimi.

Mjukuu kapima galaksi ndogo arobaini kwa darubini mpya. Katika tisa, nyota za katikati ni changa. Iliyo wazi kuliko zote ni ipi? Ya kumi na tisa. Kalamu Nyekundu kamwandikia kwamba kina kile cha haidrojeni hakiwezekani, ni kosa la kifaa chake, na kama kifaa kinakosea hapo basi na zile nane zina shaka. Aitoe sura ya nne yote. Akiing'ang'ania, kwenye utetezi wa tasnifu Ijumaa ijayo atamwangusha. Miaka mitatu ya kazi!

— Nitaitoa, alisema. Sina nguvu za kupigana na wewe, Babu.

— Na mimi?

— Na kitabu chako.

Nilimwambia ale kwanza. Nina miaka themanini na tatu, nimekula chumvi nyingi, na hilo ndilo lililonitoka mdomoni. Kula kwanza!

Ijumaa, 7 Machi

Pumzi fupi. Nesi kaongeza oksijeni. Navuta metali kwa pua.

Siwezi kuandika zaidi. Asiitoe. Asiitoe!

Jumapili, 9 Machi

Nimesema!

Mjukuu alikuwa kitandani pangu miguuni, binti yangu anakunja nguo. Nilipiga moyo konde. Nikasema lile bamba halikuharibika, ni zima mpaka leo, na kina cha mstari wake wa haidrojeni ni tatu nukta moja.

— Rudia, akasema mjukuu.

— Tatu nukta moja. Nyota zake hazizidi miaka milioni elfu mbili. Nilipima, nikaficha.

Akasimama. Akakaa. Akasimama tena.

— Babu, juzi nimelia kwenye choo cha maabara!

— Najua.

— Hujui! Karatasi ziliisha!

Binti yangu akacheka bila kutaka, akajiziba mdomo kwa foronya. Kisha akanigeukia yeye, na hapo hakukuwa na kicheko.

— Baba. Mimi ulinichapa kwa kusema nimefanya hesabu ambazo sikuzifanya. Nilikuwa darasa la tatu.

— Nakumbuka.

— Ulinichapa kwa nguvu sana.

— Nilikuwa najichapa mwenyewe, mwanangu. Wewe ulikuwa karibu.

Alikunja shuka moja mara tatu.

Mjukuu akataka kujua sababu. Nikamweleza. Mkutano mkubwa ulikuwa wiki mbili mbele, muhtasari wangu umeshachapwa, na ndani yake neno "zote". Lingekuwa "nyingi" tusingekuwa hapa. Ukishaandika "zote" mbele ya wakubwa wako, kila kitu kinachokataa kinakuwa adui.

Nikamwelekeza bamba lilipo. Kasha la viatu, nyuma kabisa ya kabati langu. Nililiweka wima, kama inavyotakiwa. Mabamba ya kioo yakilazwa yanaelemeana. Mwongo, lakini fundi.

Kalitoa, kaliinua dirishani. Mwanga wote wa galaksi nzima ni kamstari kembamba kama kijiti cha kiberiti.

— Ni zuri, Babu, alisema polepole. Ni zuri sana. Ulikuwa nalo muda wote huu!

Ndiyo. Nilikuwa nalo. Leo nimekula sahani nzima.

Jumatano, 12 Machi

Kapiga simu saa nne asubuhi. Alikuwa anapiga kelele, nikaweka simu mbali na sikio na bado nikasikia.

Wamelipitisha bamba kwenye mashine ya kusoma picha. Wamelinganisha na nyota ya kipimo iliyopigwa picha pembeni ya bamba hilohilo. Haidrojeni: tatu nukta moja. Kwa darubini yake mpya: tatu kamili. Darubini mbili, vifaa viwili visivyojuana, miaka arobaini na moja katikati — na zimeelewana kama majirani!

Nikamuuliza magnesi. Kasema magnesi haijazidi chuma hata kidogo, ziko sawa kwa sawa. Kwa vipimo vyote viwili. Maana yake galaksi ile ndogo haikuzaa nyota zake kwa mkupuo. Ilizaa, ikapumzika, ikazaa tena, chuma kikapata nafasi ya kufika na kukaa.

— Na mng'ao wa gesi? niliuliza. Gesi ikiwaka hufukia mstari wa haidrojeni, galaksi ikaonekana kongwe kuliko ilivyo.

— Nimeangalia, Babu. Ipo kidogo sana. Tena ikiondolewa, kina kinaongezeka. Inakuwa changa zaidi!

Changa zaidi! Nilipiga godoro ngumi. Nesi akaja mbio kwenye kipimo cha mapigo, akanitazama kwa jicho la askari.

— Mzee wangu, nini?

— Nimepata mtoto, nikamwambia. Wa miaka milioni elfu mbili.

— Hongera. Vuta pumzi.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya siku! Nitaiandika yote hata kama itanichukua mpaka jioni.

Utetezi saa tatu asubuhi. Binti yangu kaegemeza tableti kwenye mto, nikaona ukumbi wote. Mjukuu kavaa koti la mama yake, mikono imepita vidole. Kalamu Nyekundu kakaa mbele kabisa. Kazeeka! Nami nilikuwa nimemhifadhi kichwani akiwa na nywele.

Alimwacha azungumze nusu saa. Kisha akaanza, taratibu, kwa ile adabu yake inayokata. Akamwomba aeleze ni kwa nini wasikilizaji waamini mstari ambao babu yake mzaa mama, mtu aliyeanzisha elimu hii, hakuwahi kuuona.

Mjukuu akabonyeza kitufe. Bamba langu likajaa ukutani, futi kumi!

— Hili ni nini? akauliza Kalamu Nyekundu.

— Galaksi ya kumi na tisa, Profesa. Miaka arobaini na moja iliyopita.

— Bamba hilo liliharibika.

— Halikuharibika.

— Imeandikwa.

— Aliyeandika alisema uongo, Profesa. Yuko kitandani, anatutazama. Kaniruhusu niseme.

Baridi ilinishuka toka utosini hadi kisigino. Watu mia wamegeuka kutazama kamera, yaani kunitazama mimi, na mimi nimevaa fulana yenye doa la uji. Na baada ya baridi — raha! Sijui niielezeje. Kama kuvua kiatu kilichokubana tangu ujana.

Akaonyesha namba. Tatu nukta moja, tatu kamili. Magnesi, chuma, sawa kwa sawa. Kisha akaziweka zile nane nyingine, moja baada ya moja, zote zikalala kwenye mstari uleule kama wanafunzi gwarideni. Galaksi kubwa ni kongwe kweli, alisema, na zilizaliwa kwa mkupuo. Hapo babu hakukosea. Lakini ndogo zimeendelea kuzaa, tena katikati kabisa, hadi karibuni.

Kalamu Nyekundu akavua miwani. Akaifuta kwa tai. Akaivaa.

— Kwa hiyo miaka yote hii nimefundisha nusu ya ukweli.

— Nusu nzuri, Profesa, alisema mjukuu.

Ukumbi ukaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka, kipara chote kikawa chekundu. Wakatoka kushauriana dakika kumi na mbili. Nilizihesabu. Waliporudi, kapita! Marekebisho: mikato mitatu iliyokaa pabaya, sura ya pili. Hakuweza kujizuia, yule.

Daktari! Mjukuu wangu ni daktari! Binti yangu alinikumbatia na mrija wa oksijeni ukachomoka, tukautafuta kwenye shuka wote wawili tunalia na kucheka. Mapigo mia moja na ishirini. Nesi kasema akiandika namba hiyo watamfukuza kazi, kaandika mia.

Jumamosi, 15 Machi

Simu tangu asubuhi. Nilidhani watanitukana. Mmoja tu ndiye aliyenisema vibaya, na alikuwa na haki. Waliobaki — ajabu! Wanasema mzee aliona kabla ya ulimwengu mzima. Wanasema ujasiri wa kuungama. Kuna kijana wa redio kaniita nabii. Nabii mwenye mrija!

Nisijidanganye: nimefurahi. Kichwa kimevimba, mto haukitoshi. Nilikwenda kuungama nikarudi na medali ya pili.

Mjukuu anaandika makala ya jarida. Kanisomea sentensi moja kwenye simu: kwamba kipimo cha kwanza cha nyota changa katika galaksi ya 19 kilifanywa na babu yake, na makala inamtambua kama mgunduzi. Jarida linataka tamko langu lenye saini. Ataleta karatasi Jumatatu.

— Rudia sentensi, nikamwambia.

Akarudia.

— Mara ya mwisho.

— Babu, wewe!

Ni sentensi nzuri. Haina mkato hata mmoja pabaya.

Jumatatu, 17 Machi

Wako sebuleni. Naandika chumbani, mlango nimeurudishia. Nimewaambia naenda msalani.

Mjukuu kaja na karatasi. Na nyuma yake, bila taarifa, Kalamu Nyekundu! Kasafiri saa tano kuja kunipa mkono. "Shikamoo, Mwalimu," kama yuko mwaka wa kwanza. Nilifurahi mno. Nimetolewa kitandani, nimekalishwa kwenye kiti, nimevalishwa shati. Tumecheka mpaka kifua kikanibana. Kamkumbuka mzee wa chumba cha giza cha kusafishia picha aliyekuwa akiimba kwa sauti mbaya ili watu wasifungue mlango. Nilikuwa nimemsahau kabisa.

Mjukuu akatandaza karatasi mezani, akanipa kalamu. Kalamu Nyekundu akaisoma, maana hawezi kuona karatasi asiisome. Akatabasamu.

— Kumbe ulijifunza kimyakimya, Mwalimu. Ile mashine ya kupimia mabamba. Sisi wote tulijua huigusi. Ulikuwa unasema inakuumiza macho.

Alisema kwa mzaha tu. Hakumaanisha kitu. Mjukuu naye hakusikia ubaya, alikuwa ananifungulia kifuniko cha kalamu. Kisha Kalamu Nyekundu akaendelea, kama mtu anayeokota stori njiani: yule mama aliyekuwa akikaa kwenye mashine ile, Mpimaji, unamkumbuka? Yule aliyemwaga unga mwaka uleule? Yu hai. Anakaa mtaa mmoja na dada wa Kalamu Nyekundu. Zaidi ya themanini, na bado anasoma gazeti bila miwani.

— Nani huyo? akauliza mjukuu.

— Alikuwa anapima mabamba ya babu yako, akasema. Sijui alikosea nini.

Nikasema naenda msalani.

Ningeweza kusaini. Hakuna anayejua. Kalamu Nyekundu hajui, mjukuu hajui. Mpimaji anajua, na kakaa kimya miaka arobaini na moja, na pengine atakaa kimya hadi mwisho. Na namna ilivyokuwa tamu Jumamosi! Namna watu walivyofurahi! Kwani ningemdhuru nani?

Hata humu nimeandika "nilipima". Nimerudi nyuma kuangalia. Nimeliandika Jumanne ile, nikalisema Jumapili mbele ya mwanangu, ndani ya maungamo yenyewe, katika daftari lisilo na msomaji. Nani niliyekuwa namdanganya humu?

Binti yangu anagonga. "Baba, uko salama? Wanakusubiri."

Nakuja.

Naandika kwanza, ili nikifika pale nisipate kigugumizi, nisome tu.

Sikupima. Sijawahi kupima bamba lolote kati ya yale ishirini na nne. Alipima yeye, mchana, miezi minane, jicho kwenye lenzi, kiti bila mgongo. Alikuja mlangoni kwangu na kikaratasi, akasema, "Mwalimu, hii ni changa. Tatu nukta moja. Nimerudia mara nne." Nikamwambia afute. Akasema kufuta hawezi, maana ndivyo ilivyo. Hakupaza sauti. Aliweka kikaratasi mezani, akarudi kwenye mashine yake.

Kesho yake nilimwandikia mkurugenzi barua. Nilisema bamba la kumi na tisa limeingia mwanga, na kwamba aliyeliacha wazi ni yeye. Alifukuzwa kabla ya wiki kuisha. Aliponipita kwenye ngazi na mkoba wake, alinisalimia.

"Baba?"

Nakuja, mwanangu. Ukurasa huu nauacha wazi mezani, lile tamko sitalisaini. Andikeni jina lake. Aliyegundua ni yeye, na nilijua siku ileile kwamba amesema kweli.